Meseji ya tusi kwa mwanachama: kisa cha mfumo wa marejesho wa SACCOS

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo ya programu iliyoko Kinondoni, Dar es Salaam, na SACCOS (chama cha ushirika wa akiba na mikopo) moja ya wafanyabiashara wa sokoni inayotumia mfumo wa kampuni hiyo. Majina yameondolewa, tarehe zimefichwa, na viwango vya fedha vimebadilishwa bila kuvuruga hesabu. Niliitwa baada ya tukio ili kupitia msimbo (maandishi ya programu yenyewe), kusoma logi (kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia) na kuzungumza na kila aliyehusika, na pande zote mbili zimekubali kisa kiandikwe. Mjadala wa matusi ndani ya msimbo kwa kawaida huishia kwenye ladha za watu: huyu anaona ni ucheshi, yule anaona ni utovu wa adabu. Hapa tunaweza kufuatilia tusi moja tangu lilipoandikwa hadi lilipofika kwenye simu ya mtu, na kuona lilikuwa limefunika nini.

Usuli

Wanachama wengi wa SACCOS hii ni akina mama wa masoko ya upande wa Temeke na Mbagala: wauza mboga, dagaa, vitenge. Kabla ya mfumo, katibu alikuwa akiandika marejesho kwenye daftari na kutoa risiti za karatasi dirishani. Baada ya mfumo, mwanachama analipa kwa simu popote alipo. Mtandao wa simu unautaarifu mfumo, mfumo unatafuta namba ya uanachama, unapunguza deni, kisha unatuma meseji ya risiti. Meseji hiyo inatoka kwa jina la SACCOS. Jina la kampuni ya programu halionekani popote, na wanachama wengi hawajui kwamba kampuni hiyo ipo.

Timu yenyewe ni ya vijana wenye uwezo, wanaofanya kazi hadi usiku na kutaniana sana. Matani hayo yaliingia kwenye msimbo. Komenti nyingi, yaani maelezo ambayo wahandisi huandikiana ndani ya msimbo na mashine huyaruka, zilikuwa na matusi ya Kiingereza, yale yanayosikika kwenye filamu, na hakuna aliyeyahesabu kuwa matusi. Ya Kiswahili yalikuwa machache, lakini makali zaidi. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba mshauri wa nje aliyekuwa akipitia kazi yao hakujua Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa mahali pao pa faragha. Jibu hilo lilinisumbua kuliko yote niliyosikia. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya watu wanaosoma Kiswahili. Lugha waliyoiona kuwa ya siri ndiyo pekee ambayo kila mteja wao anaielewa.

Kwenye moduli ya marejesho kulikuwa na tawi moja la msimbo kwa ajili ya hali ambayo malipo yanazidi deni lililobaki. Kijana aliyeiandika moduli hiyo aliuliza kwenye kikao: mwanachama akilipa zaidi, tufanyeje? Akajibiwa kwamba hilo halitokei. Wanachama wanasumbua kwa kulipa pungufu, sembuse kulipa zaidi. Hati ya mahitaji haikusema lolote. Basi akaweka ujumbe wa hitilafu, akausimamisha muamala hapo, akaendelea na kazi nyingine. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu: "Haiwezekani. Fala gani analipa zaidi ya deni?"

Wenzake wawili walipitia kazi hiyo kabla haijaunganishwa na msimbo mkuu. Historia ya msimbo inaonyesha mmoja aliweka alama ya kucheka pembeni ya mstari huo, kisha akaidhinisha.

Kilichotokea

Kwa miezi kadhaa ujumbe huo ulibaki ndani ya msimbo, na haukuwahi kuchapwa hata mara moja. Kisha huduma kwa wateja wakalalamika kwamba simu ni nyingi: malipo yakigoma, mwanachama haambiwi sababu, anapiga simu. Mhandisi mwingine, aliyejiunga baadaye, alipewa kazi ya kurekebisha. Suluhisho lake lilikuwa la busara: hitilafu zote za kundi la mteja zitumwe kwa mwanachama mwenyewe kama meseji, zikitanguliwa na maneno "Malipo hayajakamilika". Alijaribu zile alizozifahamu, kama namba ya uanachama isiyo sahihi na mkopo uliokwisha kufungwa. Zote zilisomeka vizuri. Tawi la malipo yaliyozidi hakulijaribu, kwa sababu halikuwa na jaribio lolote na yeye hakujua kama lipo.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mama mmoja muuza dagaa alikuwa amebakiza shilingi 38,500 kumaliza mkopo wake. Akatuma 40,000. Aliniambia alitaka kulala akiwa hana deni la mtu hata senti, na hakutaka kuhangaika na chenji. Meseji ilipoingia hakuwa na miwani, akampa simu kijana wa meza ya jirani amsomee. Kijana akasoma kwa sauti, katikati ya wateja: malipo hayajakamilika, haiwezekani, fala gani analipa zaidi ya deni.

Akapiga simu. Dada wa huduma kwa wateja anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, nimewakosea nini nyie? Nimelipa hela yenu yote, na ya juu nikaweka, mnaniita fala?"

Dada akaangalia kwenye kompyuta yake, hakuona malipo yoyote. Akamwambia mama, kwa heshima zote, kwamba hela haijafika. Kwa hiyo ndani ya nusu saa mama yule alikuwa ametukanwa mbele za watu na kuambiwa kwamba fedha zake hazionekani.

Kesho yake asubuhi skrinshoti ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la SACCOS. Katibu aliamini ni matapeli. Kila mtu hapa mjini amewahi kupokea meseji ya "ile pesa itume kwenye namba hii", na meseji ya ajabu inayokuja pamoja na fedha kupotea ina maelezo moja tu kichwani mwa mtu. Akawaandikia wanachama wasilipe kwa simu hadi watangaziwe. Hadi mchana kulikuwa na foleni dirishani, na baadhi hawakuja kulipa, walikuja kutoa akiba zao.

Upande wa kampuni, kiongozi wa timu alitafuta neno "fala" kwenye msimbo na kulipata mara moja. Logi zikaonyesha kwamba wanachama 11 walikuwa wamepokea meseji ile ile tangu mabadiliko yalipowekwa. Fedha za wote 11 zilikuwa zimening'inia: zimetoka kwenye simu zao, zimepokelewa kwenye akaunti ya SACCOS, lakini hazijaandikwa kwenye deni la mtu yeyote. Kumi walikuwa wamekaa kimya.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzima meseji zote za hitilafu na kuacha risiti ziendelee. Wengine walitaka kubadili sentensi ile moja tu na kuendelea. Kiongozi wa timu alikataa kwa sababu hakujua sentensi nyingine zikoje, na hakukuwa na njia ya kujua haraka. Alikuwa sahihi. Siku chache baadaye walikuta nyingine mbili ambazo zingeweza kutoka kwa njia hiyo hiyo, moja ikiwa ya tusi la nguoni.

Uamuzi wa pili ulifanywa kwa haraka na uliharibu. Meneja alituma meseji kwa wanachama wote akiomba radhi kwa "usumbufu uliojitokeza kwenye mawasiliano". Mamia ya watu ambao hawakuwa wametukanwa wakaanza kuulizana ni mawasiliano gani, na skrinshoti ikasambaa zaidi. Wale 11 nao waliona wameombwa radhi kwa jambo ambalo aliyekosea hataki kulitaja.

Jumatatu njia ikabadilishwa. Wote 11 walipigiwa simu mmoja mmoja, wakaambiwa bila kuzunguka kwamba maneno yale yaliandikwa na mfanyakazi ndani ya mfumo, hayakumlenga yeye, hayakupaswa kuwepo, na fedha yake ipo. Meneja alikwenda Mbagala na katibu wa SACCOS kumwona yule mama. Katibu ndiye aliyesisitiza safari hiyo. Kwa maelezo yake, mtu mzima aliyetukanwa mbele za watu haombwi radhi kwa simu.

Uamuzi wa tatu ulihusu kijana aliyeandika. Bodi ya SACCOS ilidai jina lake, na mjumbe mmoja alitaka apelekwe polisi. Wakili wa kampuni alieleza kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inagusa mawasiliano ya matusi yanayotumwa kwa nia ya kumuudhi au kumsumbua mtu, na kwamba hapa nia haikuwepo. Ila akaongeza kwamba meseji imetoka kwa jina la SACCOS, na anayepaswa kujieleza kwanza mbele ya mwanachama ni SACCOS yenyewe. Meneja hakutoa jina. Alisema mstari ule uliandikwa na mmoja, ukapitishwa na wawili, na kupelekwa kwa wateja na wa nne, na kwamba akimtoa mmoja atakuwa amewafundisha waliobaki kuficha. Kijana hakufukuzwa. Aliomba mwenyewe awemo kwenye kupiga zile simu, na akapiga nne.

Uamuzi wa nne ulikuwa kusafisha msimbo, na hapo timu ilibishana kweli kweli. Kiongozi alitaka kila tusi litoke, popote lilipo. Mhandisi mwandamizi alisema komenti haimfikii mteja, na hasira ya mwandishi nayo ni taarifa: ukikuta mtu ametukana pembeni ya mstari, unajua hapo pana shida. Akatoa mfano wa Linux, mfumo endeshi unaoandikwa na wahandisi wa dunia nzima, ambako mwaka 2018 mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliomba radhi kwa ukali wake kwa wenzake, mradi ukapitisha kanuni za maadili, na miezi michache baadaye mtu akapendekeza tusi maarufu la Kiingereza kwenye komenti libadilishwe kuwa neno "hug". Wengi walipinga, kwa sababu komenti zilizopatikana hazikuwa na maana yoyote.

Walifikia makubaliano haya. Maandishi yoyote yanayoweza kuchapwa, iwe kwenye skrini, meseji au logi, hayawi na tusi. Majina ya vigeu (majina ambayo mwandishi wa programu huzipa thamani anazozitumia) na data za majaribio vivyo hivyo. Kwenye komenti, mwenye hasira aandike kilichomkasirisha.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo niliyoiona ikifanya kazi nzuri kuliko zote. Palikuwa na komenti iliyosema, kwa kifupi, kwamba mtoa huduma mmoja wa malipo ni wapumbavu na mama zao. Aliyeiandika alipoambiwa aeleze sababu, aliandika hivi: "Mtoa huduma hurudisha jibu la 200 hata malipo yakikataliwa. Usiamini 200. Soma sehemu ya hali ya muamala ndani ya jibu." Namba 200 ndiyo ambayo mfumo hutuma kusema ombi limefanikiwa. Maarifa hayo yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Yule mhandisi mpya angeyahitaji tangu wiki yake ya kwanza.

Matokeo

Fedha za wote 11 ziliandikwa kwenye madeni yao ndani ya siku mbili, na ziada ikaingia kwenye akiba. SACCOS haikuvunja mkataba, lakini iliongeza sharti: kila sentensi inayoweza kumfikia mwanachama ipitiwe na katibu kabla haijawekwa. Katibu alipewa jedwali la ujumbe wote kwa mara ya kwanza, na akabadilisha karibu nusu yake. Nyingi hazikuwa na tusi; zilikuwa hazieleweki tu.

Mama muuza dagaa bado ni mwanachama na amechukua mkopo mwingine. Halipi kwa simu. Anapanda daladala kila mwezi kwenda dirishani, na anataka risiti ya karatasi.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema tatizo lilikuwa neno moja, na kwamba lingekuwa neno la staha kusingekuwa na kisa. Sikubaliani. Lifute tusi, ubaki na "Haiwezekani. Nani analipa zaidi ya deni?" Mama yule bado angekuwa amelipa na fedha yake isionekane, na bado asingejua la kufanya. Tusi lilikaa mahali ambapo uamuzi ulitakiwa kukaa. Kijana aliuliza swali zuri kwenye kikao, akajibiwa kwa dharau kidogo, na dharau ile ile akaiandika kwenye msimbo. Wapitiaji wawili walipocheka, kicheko kiliwapitisha juu ya swali ambalo wangepaswa kuliuliza: muamala ukisimama hapa, fedha inakwenda wapi? Nimepitia misimbo mingi, na karibu kila nilipokuta tusi kwenye ujumbe wa hitilafu, nyuma yake palikuwa na hali ambayo mwandishi hakutaka kuishughulikia. Kwa hiyo hoja ya yule mhandisi mwandamizi ina ukweli ndani yake: tusi ni dalili. Ila dalili inatibiwa, haihifadhiwi kama maelezo ya ugonjwa.

Jambo la pili ni safari ya maandishi. Hakuna aliyeamua kumtumia mwanachama tusi. Mmoja aliandika kwa ajili ya logi, mwingine akaunganisha logi na meseji, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Ndiyo maana siamini katika kutenganisha maandishi ya ndani na ya nje. Hitilafu inayosomwa na mhandisi leo itapigwa picha na kutumwa kwa mtoa huduma kesho, itasomwa na mkaguzi wa hesabu mwakani, na mtu ataiunganisha na simu ya mteja siku ambayo wewe hupo. Mwaka 2004 sehemu za msimbo wa Windows 2000 zilivuja kwenye intaneti, na dunia ikasoma kejeli na maneno makali ambayo wahandisi waliyaandika kwa ajili yao wenyewe. Mwaka 2012 ikagundulika kwamba msimbo ambao Microsoft iliuchangia kwenye Linux ulikuwa na namba ambayo, ikiandikwa kwa mfumo wa heksadesimali (unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F), inasomeka kama maneno ya utani kuhusu matiti ya wanawake. Ilikuwa namba tu, mashine haikujali. Kampuni iliomba radhi na namba ikabadilishwa, kwa sababu wanaosoma msimbo ni watu, na wengine kati yao ni wanawake waliokuja kazini kufanya kazi.

Nimeulizwa kuhusu sudo, programu ya Unix yenye mpangilio unaomkejeli mtu anapokosea nywila. Mimi sina shida nayo. Mwenye mashine ndiye anayeuwasha, anajua anachokitaka, na anayekejeliwa ni yeye au mwenzake wa kazi. Mama wa Mbagala hakuchagua chochote.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya nje haiwezi kulijua. Meseji ya fedha mara nyingi husomwa kwa sauti na mtu mwingine: mjukuu, wakala, jirani wa sokoni. Sentensi yako itatamkwa kwa mdomo wa kijana mbele ya mtu mzima. Timu ikipima kila ujumbe kwa kipimo hicho, yaani je, mjukuu anaweza kumsomea bibi yake maneno haya, itaondoa matusi na pia itaondoa ule ukavu wa "Hitilafu 17: ombi batili" ambao nao unamwacha mtu njia panda.

Kilichoshindikana kabisa ni kichujio. Baada ya tukio, waliweka ukaguzi wa moja kwa moja unaozuia msimbo wenye matusi kuunganishwa, kwa kutafuta mfuatano wa herufi kutoka kwenye orodha ya maneno. Siku ya kwanza ulizuia kila faili yenye neno "kumaliza", kwa sababu tusi moja la nguoni limo ndani ya herufi zake za mwanzo. Mfumo wa mikopo usioruhusiwa kusema "kumaliza mkopo" hauna kazi. Ni tatizo la zamani: mwaka 1996 kichujio cha AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kiliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kujisajili, kwa sababu ya herufi nne zilizomo katikati ya jina la mji wao. Walibadilisha ukaguzi utafute maneno mazima, na bado hauna faida kubwa, maana Kiswahili kinamtukana mtu vizuri sana bila neno hata moja la kwenye orodha. "Fala gani analipa zaidi" ingekamatwa. "Huyu naye kaumbwaje" isingekamatwa. Jicho la katibu linakamata zote mbili, na ndiyo sababu naona sharti la SACCOS lina thamani kuliko kichujio chochote.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia ni kumweka kijana kwenye simu zile nne. Aliniambia mwanachama mmoja hakukasirika kabisa. Alimuuliza tu: "Sasa mwanangu, mtu akilipa zaidi, kwenu nyie inakuwaje?" Lilikuwa swali lile lile alilouliza yeye kwenye kikao. Jioni hiyo alikaa na katibu wakaandika utaratibu wa ziada inakwenda wapi, nani anaidhinisha, na mwanachama anaambiwa nini. Meseji waliyoiandika haifiki herufi 160, kwa hiyo inatoka kwa bei ya meseji moja: "Tumepokea TZS 40,000. Deni lako la 38,500 limeisha, hongera. Ziada 1,500 imewekwa kwenye akiba yako. Ukiwa na swali piga ofisini."

Limebaki suala moja ambalo timu haijakubaliana. Mstari wa zamani umefutwa kwenye msimbo, lakini bado upo kwenye historia ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, pamoja na jina la aliyeuandika na alama ya kicheko ya aliyeupitisha. Kuufuta huko kunahitaji kuandika upya historia yote iliyofuata, na kila rejeo la zamani linavunjika, yakiwemo yaliyotajwa kwenye taarifa ya ukaguzi wa mfumo. Mhandisi mwandamizi anataka historia iachwe kama ilivyo. Kijana mwenyewe anataka ifutwe. Mimi nilishauri iachwe, na kwamba kampuni ikikabidhi msimbo kwa mtu wa nje, aelezwe kisa hiki kabla hajakikuta mwenyewe.